Adelina Patti kwenye santuri: ipi ndiyo sauti yake hasa?

MsikilizajiMakini

Wakuu, naomba msaada wa wenye uzoefu na santuri za kale. Nina nakala tatu za dijitali za "Voi che sapete", wimbo wa Mozart, ya Adelina Patti, soprano mashuhuri wa opera wa karne ya 19. Zote zinadai kutoka kwenye santuri ileile ya Desemba 1905, lakini hazifanani hata kidogo. Moja ni nyembamba na ya haraka, mama wa watu anasikika kama kasuku. Ya pili ni nzito na inaburuta. Ya tatu imesafishwa mpaka ikawa kama anaimbia ndani ya maji. Kati ya ndefu na fupi kuna sekunde kumi na kitu.

Kasi sahihi ni ipi, na inapatikanaje? Halafu, tunasoma kwamba mtunzi wa opera Verdi alimweka juu ya waimbaji wote wa zama zake. Kwenye santuri anakatiza sentensi ili apumue, na noti za juu anazigusa tu na kuziacha. Ni uzee, ni mitambo, au sifa zilitiwa chumvi? Mwisho, kwa anayeanza, zipi tatu nne za kusikiliza kwanza, na kwa atakayeshika santuri yenyewe, sindano gani haitaiharibu?

FundiSindano

Nianze na kasi, kwa sababu ukikosea hapo utakuwa unajadili mtu mwingine kabisa.

Ile kasi ya mizunguko 78 kwa dakika inayotajwa kila mahali isikubabaishe. Ilikuja kuwa desturi baadaye, enzi za kurekodi kwa umeme baada ya 1925. Mwaka 1905 mtambo wa kurekodia uliendeshwa na jiwe la uzito linaloshuka, gavana (kidhibiti cha kasi) inarekebishwa kwa mkono, na santuri za Gramophone & Typewriter (kampuni iliyomrekodi Patti) za miaka hiyo zinaangukia popote kuanzia chini ya mizunguko 70 kwa dakika hadi zaidi ya 80. Kwa Patti, anzia majaribio kwenye 75. Kama una sahani ya kurekebishika, kadi ya mistari yenye mistari 80 itasimama tuli chini ya taa ya umeme wa 50 Hz ikifika 75. Kwa umeme wa 60 Hz ni mistari 96. Mistari 77 kwa 50 Hz inakupa 77.92, ambayo ndiyo watu huita 78.

Sasa hesabu. Kasi ikipanda kwa asilimia 5.95, sauti inapanda nusu toni nzima. Kwa hiyo santuri iliyorekodiwa kwa 73.6 ukiicheza kwa 78, umeipandisha nusu toni kamili. Ya 75 ukiicheza kwa 78 umeipandisha kama senti 68, senti 100 zikiwa nusu toni moja. Ndiyo kasuku wako huyo. Na wimbo unaochukua dakika tatu na nusu kwa 78, yaani sekunde 210, kwa 75 unachukua sekunde 218, bila kukatwa chochote.

Utajuaje ipi ni ipi? Piano. Mwimbaji anaweza kupanda au kushuka, piano haihami. Chukua nyimbo zote za siku moja ya kurekodi, tafuta kasi moja inayoziweka zote kwenye ufunguo unaoeleweka, na piano ikiwa imepimwa vilevile kwenye kila upande. Mhandisi hakuwa na sababu ya kugusa gavana kati ya wimbo na wimbo. Ukiona upande mmoja unaangukia katikati ya Bb (B iliyoshushwa nusu toni) na A, na mwingine unakaa sawasawa, basi hujapata kasi bado.

Mtego upo kwenye kipimo chenyewe cha piano. Uingereza ya wakati huo ilikuwa na viwango viwili vinavyotumika sambamba: kile cha zamani cha juu, noti ya A ikiwa karibu 452 Hz, na kile kipya cha 1896, A ikiwa 439. Tofauti yake ni kama senti 50, yaani robo toni. Ukifunga macho na kulazimisha A=440 unaweza kukosea kwa kiasi hicho na bado ukaona umepatia. Hapo ndipo sikio linaingia: sikiliza mtikisiko wa sauti na irabu. Kasi ikizidi, vibrato inakuwa ya mbuzi na "o" inaelekea "a". Ikipungua, anasikika kama mwanamume anayeigiza mwanamke.

Na usiamini kwamba ufunguo wa kitabu ndio ufunguo wa santuri. "Voi che sapete" Mozart aliiandika kwa Bb. Bibi wa miaka 62 aliye nyumbani kwake hana wa kumlazimisha aimbe kwa Bb. "Casta diva" ni ngumu zaidi: Bellini mwenyewe aliiandika kwa G, lakini tangu siku za Giuditta Pasta, mwimbaji wake wa kwanza, jukwaani inaimbwa kwa F. Kwa hiyo hata ukisema "nafuata kitabu", kitabu kipi?

MwalimuWaKwaya

Mkuu FundiSindano kamaliza ya kasi. Nijibu la sifa, maana linajirudia kila mara na watu huchanganya tarehe.

Patti alizaliwa Madrid Februari 1843, wazazi Waitaliano wote wawili waimbaji: Salvatore Patti na Caterina Barili. Akalelewa New York. Huko, tarehe 24 Novemba 1859, akiwa na miaka 16, aliimba Lucia di Lammermoor kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa Academy of Music. Mei 1861 akaingia Covent Garden, ukumbi wa opera wa London, kama Amina wa "La sonnambula" ya Bellini, na London haikumwachia tena. Akawa Aida wa kwanza wa London 1876. Akaimba Violetta wa "La traviata" pale La Scala, Milano, 1877, na ni mwaka huo barua za Verdi zinamtaja kwa sifa unazozizungumzia. Alimsifu kama mwigizaji aliyekamilika pamoja na sauti, si koo peke yake. Mwaka 1888 akaimba Juliette Opera ya Paris, Gounod mwenyewe akiongoza okestra na Jean de Reszke akiwa Roméo. Msimu wake wa mwisho wa opera Covent Garden ulikuwa 1895.

Tazama nafasi hiyo. Kutoka alipovua mavazi ya Violetta Covent Garden mpaka mashine kufika nyumbani kwake ni miaka kumi. Kutoka sifa za Verdi ni miaka 28. Sifa hazikutiwa chumvi. Mashine ndiyo iliyochelewa.

Kwa upande mwingine, sauti ya miaka 62 iliyopitia miaka 46 ya kazi na bado inaunganisha noti vile haikubaki hivyo kwa bahati. Mikataba yake ilimruhusu asihudhurie mazoezi. Aliimba majukumu yanayolingana na koo lake, akilipwa dola 5,000 kwa usiku mmoja miaka ya 1880, na zilipwe kabla hajapanda jukwaani. Meneja James Henry Mapleson alisimulia jinsi alivyoleta pungufu siku moja: Patti akavaa mavazi yote isipokuwa viatu, pesa nyingine ilipokuja akavaa kimoja, iliyobaki ilipokamilika akavaa cha pili. Watu hucheka tamaa yake. Mimi naona mwanamke aliyejua koo lake lina idadi ya usiku na hakukusudia kuutoa hata mmoja bure.

Upande wa mitambo: mashine ililetwa Craig-y-Nos, ngome yake ya Wales aliyoinunua 1878, na ndugu wawili, Fred na Will Gaisberg. Walitumia vyumba viwili. Mtambo chumba kimoja, mwimbaji chumba cha pili, pembe ya bati ikipenya kwenye tundu la pazia la mlangoni. Piano ikainuliwa juu ya masanduku ili mlio wake ufike kwenye mdomo wa pembe. Mpiga piano alikuwa Landon Ronald, ndiye unayemsikia kwenye nyimbo zake zote. Hakuna maikrofoni, hakuna umeme. Nguvu ya sauti yenyewe ndiyo inayosukuma kiwambo, na kiwambo ndicho kinachosukuma kisu kwenye nta.

Fred Gaisberg alieleza kwamba kazi yake ilikuwa kumvuta Patti nyuma kila alipokaribia noti ya juu, la sivyo kisu kingeruka na noti ingepasuka. Mama huyu alizoea kucheza na mwili jukwaani. Kushikwa mabega kama mtoto kulimuudhi mpaka aliposikia matokeo. Kwa hiyo zile noti za juu "anazozigusa tu" sehemu yake ni umri, na sehemu yake ni mtu anayevutwa nyuma huku anaimba. Sauti inapungua ghafla kwa sababu mdomo umeondoka kwenye pembe, si lazima kwa sababu koo limeshindwa.

BibiTrili

Mwalimu, sahihisho dogo. Landon Ronald ni wa Desemba 1905. Juni 1906 walirudi tena Craig-y-Nos, na wakati huo piano alipiga Alfredo Barili, mpwa wake Patti. Kwa hiyo "Casta diva", "Ah non credea mirarti", "La Calesera" na "Connais-tu le pays" si Ronald. Si suala la jina tu, ni muhimu kwa mambo aliyosema FundiSindano: makundi mawili ya kurekodi yaliyoachana kwa miezi sita, kila moja lipimwe kivyake. Kasi uliyoipata kwa 1905 usiihamishie 1906 bila kuipima.

MwalimuWaKwaya

Kweli kabisa, nimechanganya. Ahsante, bibi.

Kinanda_Kikuu

Samahani wakuu, tusidanganyane. Hii ni sauti iliyokwisha. Juu hakuna, pumzi hakuna, "Batti, batti" ya Mozart anaikimbiza kama anawahi treni. Melba alirekodi Machi 1904 akiwa na miaka 42, sauti imekamilika. Anayetaka kujua soprano wa zama hizo walivyokuwa amsikilize Melba au mwenzake Sembrich, Patti tumwachie wakusanyaji.

BibiTrili

Melba namkubali, ila anajibu swali jingine. Melba alianza Brussels 1887. Patti alianza 1859, Rossini akiwa hai, Verdi hajaandika "Aida", soprano Jenny Lind hajafika hata miaka arobaini. Lind alifariki 1887 na hakuna santuri yake iliyotufikia. Giulia Grisi, soprano mwingine, alifariki 1869. Kwa kizazi hicho cha soprano tuna dirisha dogo mno, na kwa kiasi kikubwa dirisha ni huyu. Hatumsikilizi kwa ajili ya noti ya juu. Tunamsikiliza tujue sentensi ya Bellini iliimbwaje na mtu aliyefundishwa wakati watu waliomjua Bellini walikuwa bado wapo kazini.

Kuhusu "Batti, batti", sababu ya kukimbia iko wazi: upande wa santuri ya inchi 12 ulikuwa na kama dakika nne tu, na aria hii ina sehemu mbili, ya polepole ya 2/4 na ya haraka ya 6/8. Ukitaka zote mbili ziingie, kitu kitabanwa. Hapo usimhukumu tempo. Mhukumu kwenye nyimbo fupi ambazo nafasi ilibaki.

Sasa chukua "Ah non credea mirarti" ya "La sonnambula", ya 1906, iliyopimwa kasi vizuri, uisikilize na maneno mkononi. Amina anatembea usingizini, ameshika maua yaliyonyauka, anasema hakudhani angeyaona yamekufa upesi hivi. Mambo ya kuangalia:

Kwanza portamento. Patti hapandi ngazi kutoka noti hadi noti. Anateleza, lakini si kila mahali. Anateleza pale silabi mbili za neno moja zinapoachana, na anafika noti ya pili kabla kidogo ya konsonanti yake. Waimbaji wa leo wamefundishwa kuondoa hilo kama uchafu. Kwake ndilo linalobeba maana.

Pili, tempo. Piano na sauti haziendi kwa mshale wa saa. Sentensi inajazwa, inasita juu ya neno zito, kisha inarudisha muda iliouchukua. Ukipiga mguu chini utapotea kabla ya mstari wa tatu. Hii si kukosa mazoezi, kwa maana mpiga piano anajua inakuja na anamsubiri palepale.

Tatu, pumzi. Kwenye santuri za pembe huwezi kusikia mtu akihema. Hewa ya pua haina nguvu ya kusukuma kiwambo. Unachosikia ni pengo. Ndiyo, mapengo ni mengi, huo ni umri na sitautetea. Lakini angalia anavyoyatumia: mara nyingi anapumua mahali ambapo Amina angekwama kwa machozi, na noti kabla ya pengo anaipunguza polepole badala ya kuikata. Mtu aliyeishiwa pumzi hana uwezo wa kupunguza. Anakata.

Nne, trili, yaani noti mbili jirani zinazobadilishana haraka. Zisikilize zaidi kwenye "Pur dicesti" ya Lotti, ya 1905. Noti mbili zinasikika mbili, zinafuatana kwa usawa na zinafungwa kwa nadhifu. Soprano wengi wa sasa wenye nusu ya umri ule wanatoa mtikisiko tu wakaita trili.

Kisha nenda "La Calesera" ya Yradier, wimbo wa Kihispania, ndipo utakapokutana na mtu mwenyewe: sauti ya kifua imeachwa wazi, anatania, anapaza kelele za mchezo. Hapo ndipo ninapomuelewa Verdi aliposema mwigizaji. Nyingine ya kuanzia ni "Home, Sweet Home", si kwa ubora wa muziki bali kwa kuwa ndiyo aliyoizunguka nayo dunia. Aliichomeka hata kwenye tukio la somo la muziki katika "Il barbiere di Siviglia". Sauti ya katikati humo imetulia kuliko kwenye aria yoyote. "Casta diva" iache ya mwisho. Ina mistari mizuri, ila ndiyo inayomdai zaidi, na msikilizaji mgeni ataishia kuhesabu alichokosa.

Kinanda_Kikuu

Kwa "Pur dicesti" sibishi. Trili zile ni kweli. "Casta diva" bado nasema alipaswa kuiacha.

MsikilizajiMakini

Nashukuruni sana. Nimebaki na mambo matatu. Moja, faili yangu imechukuliwa kwa 78, nataka kuishusha hadi 75 kwenye kompyuta: nafanyaje bila kuiharibu? Mbili, kwenye nakala moja sauti inayumba, inapanda na kushuka mfululizo; ni vibrato yake? Tatu, mbona herufi "s" hazisikiki?

FundiSindano

Moja. Tumia amri inayobadili kasi na kimo cha sauti kwa pamoja. Usitumie ile ya kushusha kimo huku ikihifadhi muda, wala ya kuongeza muda huku ikihifadhi kimo. Zote mbili zinakata sauti vipande na kuvishona upya, na trili ndiyo inayoumia kwanza. Kutoka 78 kwenda 75 ni kuzidisha kasi kwa 0.9615, yaani kupunguza asilimia 3.85. Faili ya sekunde 210 itoke na sekunde 218. Isipotoka hivyo, umebonyeza amri nyingine.

Baada ya hapo pima piano mwanzoni na tena mwishoni mwa upande. Jiwe la uzito na gavana ya zamani havikuwa vitulivu siku zote, na baadhi ya pande za enzi hizo zinateleza kidogo njiani. Ukiona mwanzo na mwisho vimeachana, kasi moja haitoshi. Inabidi uisogeze taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mbili. Hesabu mara ngapi inayumba. Vibrato ya mwimbaji ni takriban mara tano hadi saba kwa sekunde. Kama ni mara moja na robo hivi, hiyo ni santuri iliyotobolewa tundu si katikati: kwa 75, mzunguko mmoja ni sekunde 0.8. Tundu likikosea kwa milimita moja tu, mahali penye nusu kipenyo cha milimita 100 sauti inapanda na kushuka kwa asilimia 1, senti 17 kila upande. Karibu na lebo, penye milimita 60, inakuwa senti 29. Ndiyo maana mwisho wa wimbo unayumba kuliko mwanzo. Ukiwa na santuri mkononi, ondoa pini ya katikati ya sahani kama inatoka, au inua santuri juu ya pini kwa mkeka wenye tundu pana, kisha isogeze kidogo kidogo ukitazama mkono wa sindano. Mkono ukiacha kucheza kushoto kulia, umepata katikati. Kupanua tundu la santuri ya 1906 kwa kisu ni dhambi, sisemi zaidi.

Tatu. Pembe na kiwambo vilinasa sauti kuanzia kama 200 Hz hadi 2,500 Hz hivi, kwa juu zaidi ya hapo ni masalia. "S" inaishi juu ya 5,000. Haipo. Hakuna programu itakayoirudisha kwa sababu haikuandikwa kwenye nta. Hilo hilo ndilo linalowaumiza soprano kuliko wanaume: noti yenyewe inanaswa, lakini zile sauti za juu yake zinazoipa mng'ao zinabaki nje. Mwanamume mng'ao wake mwingi uko chini kidogo, na mwangwi wa noti nzito unaingia ndani ya dirisha. Ndiyo maana mwimbaji wa tena Tamagno wa 1903 anasikika kama yuko chumbani na Patti anasikika kama yuko nyuma ya mlango.

Sindano sasa. Sindano ya santuri za LP, zile ndefu za baadaye, ina upana wa mikroni 18 hivi. Kwenye mfereji mpana wa 1905 inazama hadi chini, inalima taka zote na kukupa mkwaruzo mtupu. Unataka mikroni 65 hadi 90, iliyokatwa ncha ili ishike kuta za mfereji badala ya sakafu. Kama kuta zimeliwa sehemu ya juu, jaribu nyembamba inayoshika chini zaidi. Kama zimeliwa katikati, panda kwa nene. Jaribu saizi tatu kwa kila upande, hakuna mkato. Uzito gramu 3 hadi 5. Gramafoni ya zamani yenye sindano ya chuma isiiguse kamwe: kichwa chake kinabonyea kwa zaidi ya gramu 100, na kila mchezo unakwangua zile noti za nguvu. Ndiyo sababu kwenye nakala nyingi noti ya juu ndiyo inayokwaruza kwanza. Wenye kuinunua miaka hiyo walirudia hapo hapo.

Unapoichukua kwenye kompyuta:

Katriji ya stereo, njia mbili, 96 kHz na biti 24. Usichanganye mono mapema. Linganisha kuta mbili. Mara nyingi mmoja haujachakaa sana kama mwingine, uchukue huo. Kama zimelingana, zijumlishe, na kelele ya juu-chini itajifuta yenyewe.

Usipitishe kwenye amplifaya yenye usawazishaji wa LP. Ule unashusha 10,000 Hz kwa karibu desibeli 14 na kunyanyua besi hadi desibeli 19 kwenye 20 Hz. Santuri ya pembe haina besi ya kunyanyua, utapata ngurumo ya sahani tu. Chukua bapa, yaani bila usawazishaji wowote.

Toa miruko na mibofyo kabla ya kuchuja chochote. Ukichuja kwanza, kila mbofyo unatandazwa na programu haitautambua tena.

Kelele ya mfululizo ipunguze kidogo sana, desibeli nne au tano, basi. Nakala yako ya "ndani ya maji" ilizidishiwa hapa. Programu haitofautishi mkia wa noti inayofifia na kelele, kwa hiyo inaikata, na kile alichokisifu BibiTrili, ile noti inayopunguzwa polepole kabla ya pengo, kinageuka noti iliyokatwa. Kisha watu wanasema Patti hana pumzi.

MwalimuWaKwaya

Niongezee kwa wanaotafuta nakala nzuri. Jumla yake ni zaidi ya pande 30 zikihesabiwa zile alizorudia, na kampuni ya Marston ilizikusanya kwenye CD mwaka 1998 pamoja na za Victor Maurel, Iago wa kwanza wa Verdi. Kwa kulinganisha kasi ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kwa santuri zenyewe, toleo la kwanza la Uingereza lina lebo ya waridi yenye jina lake. Marekani zilitolewa na Victor. Angalia namba ya matriki, yaani namba ya bamba la kurekodia, iliyochorwa karibu na lebo: herufi "f" mwishoni mwake inaonyesha inchi 12 za Will Gaisberg. Namba ya matriki ikiwa ileile, ni uimbaji uleule hata kama lebo na namba ya katalogi zimebadilika. Ikiwa tofauti, huenda una marudio mengine ya wimbo huohuo, na hapo kutofautiana kwa sekunde hakutokani na kasi.

Kwa hiyo MsikilizajiMakini, kabla ya kupima chochote hakikisha faili zako tatu ni matriki moja.

MsikilizajiMakini

Hilo la matriki sikuwa nalo kichwani kabisa. La mwisho kabisa: kuna ule upande anaozungumza tu, salamu za mwaka mpya kwa mumewe Baron Cederström. Hauna piano. Huo unapimwaje?

BibiTrili

Haupimwi peke yake. Sauti ya mtu anayeongea haina kipimo cha kushikilia, unaweza kuisogeza asilimia tano na bado ikasikika ya kawaida. Upe kasi uliyoipata kwenye nyimbo za kikao hichohicho, uache hapo, hata kama sikio linakwambia bibi anaongea kwa sauti ya chini kuliko ulivyotarajia.